Mtwara kuchele! Korosho ya kwenye shuka lako ina pasipoti ya India

Kabla hujakolea na ukurasa huu, tupa jicho kitandani kwako. Ndiyo, hapo hapo geto, usione aibu. Shuka lako lina ua gani? Kama lina kile kidude kilichonona chini na kupinda kichwa juu, mithili ya tone la maji lililosinzia, basi habari ya wiki hii inakuhusu.

Huku kwetu kidude hicho kina jina. Muulize muuza kanga yeyote, atakujibu bila kufikiri: korosho. Lakini ukienda India, kwa wale waliokichora karne na karne, utaambiwa hiyo ni embe bichi. Mwingereza naye atakwambia Paisley, kumbe huo ni mji wa Scotland uliojipatia jina karne ya 19 kwa kuiga mashali ya Kashmir. Ua moja, majina matatu, na kila mmoja anaapa ni mali yake.

Mimi nimekwenda kulifuata ua hilo Mtwara. Kwa nini Mtwara? Kwanza, huko ndiko korosho yenyewe inakotoka, ile ya kutafuna. Pili, pwani hiyo imepokea nguo za India tangu enzi ambazo hata jina la Tanganyika halijazaliwa. Tatu, nilitumwa.

VITA YA MASHUKA

Mdogo wangu wa kike ameposwa na kijana wa Chikongola, Mtwara mjini. Wazee wakagawa kazi, na mimi nikaangukiwa na "nguo za chumba": mashuka, foronya, mapazia na kitambaa cha meza. Nikajisemea, hiyo si kazi, ni matembezi. Kumbe nimeingizwa vitani.

Bibi harusi anataka mashuka yanayong'aa, yale ya nailoni yenye waridi kubwa kama sinia la pilau. Shangazi, ambaye ndiye mwenyeji wetu kule, anataka pamba. Na si pamba ilimradi pamba, bali iliyochapwa kwa mkono, "kama zile za kwetu zamani."

"Usiniletee ule mpira wenu hapa," alinionya kwenye simu. "Mtoto wa watu atateleza kitandani avunjike kiuno."

Basi bwana, nikapanda basi. Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi, na siku hizi ni lami. Vijana wa leo hamjui shida. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, watu walivuka mto kwa kivuko, na masika yakishika kasi safari ya siku moja iligeuka ya wiki. Wengine waliona heri meli, watapike baharini kuliko kulala matopeni.

Mtwara mjini ni mji wa juzi. Waingereza waliupanga baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zikagoma, mradi ukafa mapema miaka ya 1950, lakini mji ukabaki na barabara pana na bandari yenye kina. Kilichokuja kuibeba Mtwara ni korosho. Mti wenyewe asili yake ni Brazil, waliuleta Wareno kwenye pwani hizi karne ya 16. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba, kila mazungumzo ni bei. Kwenye bajaji, korosho. Kwenye bao, korosho. Hata kwenye mahari, nikwambie ukweli, tarehe ya harusi ilipangwa kwa kuangalia malipo ya korosho yanatoka lini.

GEUZA, KIJANA

Nilianzia madukani. Nikaingia duka moja la nguo lenye harufu ya wanga na ubani. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo, Kiswahili chake ni cha kusini kuliko changu mimi wa Dar. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akatandaza mashuka matatu mezani, yote yana korosho.

"Chagua ya mkono," akasema.

Nikatazama. Yote mazuri, yote yamechangamka. Mzee akacheka, akasema, "Geuza, kijana. Nguo haisomwi usoni."

Nikageuza. La kwanza, nyuma lilikuwa jeupe kabisa kama karatasi, rangi imekaa juu juu tu. La pili, rangi imepenya kidogo, lakini kila korosho ni pacha wa mwenzake, hakuna iliyokosea hata unywele. La tatu ndilo lenyewe. Rangi imepita mpaka upande wa pili. Korosho moja imekolea, jirani yake imepauka kidogo. Mahali fulani mstari umepanda juu ya mstari mwenzake, kama fundi alikohoa. Na kila baada ya kiasi cha kiganja unaona alama ndogo ya mahali muhuri ulipoishia na mwingine ukaanza.

"Hayo makosa ndiyo sahihi yake," akasema mzee.

Msomaji, shika hilo, maana mjini kuna ujanja. Siku hizi viwanda vinaiga maua ya mkono kwa mashine, na muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake kuwa ni kazi ya mkono. Wewe geuza tu.

NENO CHAPA LILIKUJA NA MZIGO

Hebu tuone kazi yenyewe. Kinachotakiwa ni muhuri wa mbao, mara nyingi msaji, mti ule ule wa milango ya kifahari. Kuna mji unaitwa Pethapur, jimbo la Gujarat, wenye sifa ya kuchonga mihuri hiyo. Ua moja lenye rangi tatu linataka mihuri mitatu: mmoja wa mstari wa nje, mmoja wa kujaza ndani, mmoja wa uwanja unaolizunguka. Mchapaji anachovya, anaweka, anagonga kwa ngumi, puu! Anasogea. Puu! Shuka moja la kitanda linaweza kula mamia ya ngumi hizo.

Na hapo ni rangi za kawaida. Wapo mafundi wa Kachchh, huko huko Gujarat, wanaotengeneza nguo iitwayo ajrakh kwa rangi za asili. Hiyo ina hatua zaidi ya kumi. Nguo inafuliwa, inalowekwa kwenye maji ya tunda chungu ili ikubali rangi, inachapwa kwa chokaa iliyochanganywa na gundi ili sehemu fulani zikatae rangi. Nyeusi inapatikana kwa kuvundika vyuma chakavu na sukari guru. Nyekundu inataka shabu. Kisha nguo inazamishwa kwenye pipa la nili, inatoka kijani, ikipigwa na upepo inageuka buluu mbele ya macho yako. Tetemeko la Januari 2001 lilipoharibu maeneo hayo, mafundi wengi walihama na kujenga kijiji kipya wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Watu wamepoteza nyumba, wanaita kijiji kwa jina la nguo. Hapo ujue kazi hiyo kwao si mchezo.

Sasa sikiliza hili. Neno letu "chapa" asili yake ni Kihindi, lilikuja na kazi yenyewe. "Duka" lilikuja kwa njia hiyo hiyo ya biashara. "Jora" la nguo, "bafta" nyeupe, "kaniki" ya nili, yote ni msamiati wa mizigo. Hata "shuka" unalolalia, enzi za misafara lilikuwa kipimo: nguo ya mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Kwa hiyo ukisema "nimenunua shuka la kuchapwa", umetoa historia ya Bahari ya Hindi bila hata kupiga mluzi.

MIKINDANI, NGUO ILIPOKUWA FEDHA

Kesho yake nikadandia gari la Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini. Usiombe ufike pale jioni bahari imetulia, utasahau nauli ya kurudi. Ghuba imejikunja kama mkono wa mtu aliyelala, minazi imeinama, na nyuma yake nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimebaki kuta, nyingine bado zina milango ya nakshi na roshani za mbao. Juu kilimani lipo Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli.

Kabla bandari ya Mtwara haijajengwa, hapa ndipo palikuwa na shughuli. Kaskazi ikivuma, majahazi yanashuka na nguo. Kusi ikivuma, yanaondoka na pembe za ndovu, na, tusifiche, kwa miaka mingi yaliondoka pia na watu watumwa. Jora la nguo lilinunua mengi mazuri na lilinunua uovu huo pia.

David Livingstone naye alishukia hapa Machi 1866, safari yake ya mwisho. Kwanza alijaribu mdomo wa Ruvuma, mikoko ikamshinda, akarudi Mikindani. Alikuja na askari wa Kihindi kutoka Bombay, na ngamia, na nyati. Na kama msafara wowote wa enzi hizo, alibeba nguo, maana bara huko nguo ndiyo ilikuwa fedha. Ukikosea kuchagua nguo, unalala njaa.

Hapo ndipo penye utamu, msomaji wangu. Watu wengi wanadhani babu zetu walipokea tu kila walicholetewa. Wapi! Walikuwa wateja wagumu kuliko wewe unayezunguka Kariakoo siku nzima kwa ajili ya kiatu kimoja. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu watu wa Sofala, huko kusini: walikuwa wanafumua nguo za buluu za Gujarat, wanachukua nyuzi zake na kuzifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe, wapate nguo wanayoitaka wao. Karne ya 18, wafanyabiashara wa Kigujarati waliokaa Msumbiji walikuwa wakipeleka habari India, wateja wa Afrika safari hii wanataka nini. Jora lililokosea fasheni lilidoda.

Na kanga yenyewe? Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na pwani walipoanza kuivaa, kanga za mwanzo zilichapwa kwa mihuri ya mbao kabla mashine hazijaingilia. Ile kisutu ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo mzee wa ukoo huo.

Kisutu nilikiona Mikindani kwa macho yangu. Shangazi alinipeleka kwa rafiki yake, bibi mmoja mwembamba mwenye macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mkekani."

Akafungua sanduku, harufu ya karafuu ikatoka. Akatoa kisutu cha mama yake. Nyekundu imekuwa kama udongo wa Newala, lakini maua yapo, na mimi kwa ujuzi wangu wa jana nikageuza. Rangi ilikuwa imepenya! Alama za muhuri zilikuwepo!

"Hiki kilitandikwa juu ya kitanda cha mama yangu siku ya harusi yake," bibi akasema. "Kisha cha kwangu. Kisha mabinti zangu watatu. Wajukuu ndio wameanza kuniambia, bibi, siku hizi hatutandiki hivyo."

Hakusema kwa kulalamika. Alikikunja tu, mikunjo ile ile ya zamani, akakirudisha.

MPAKA MDOMONI MWA RUVUMA

Siku ya tatu nikasema lazima nifike mwisho wa nchi. Ukitoka Mtwara unaelekea Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi. Hapo ndipo gesi iligunduliwa mwaka 1982, na kutoka mwaka 2000 eneo hilo lote mpaka mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Mchanga wake mweupe mpaka unaumiza macho. Ukisonga mbele unaingia kwenye ulimwengu wa mikoko, maji ya mto na ya bahari yanakorogana, na ng'ambo ni Msumbiji.

Mpaka wa ramani ni mto. Mpaka wa nguo sijauona. Wamakonde wako pande zote mbili, na wanawake wanavuka na vifurushi. Kule nguo inaitwa capulana, kwa kawaida inauzwa kipande kimoja na haina maneno. Huku ni kanga, inauzwa doti na lazima iwe na jina, la sivyo utamsema jirani yako kwa nini? Lakini ua ni lile lile. Mama mmoja niliyekutana naye akisubiri boti alikuwa amefunga capulana yenye korosho kubwa kubwa. Nikamuuliza hilo ua kwao wanaliitaje. Akanishangaa.

"Korosho. Kwani we' unaona nini?"

Mimi na yeye tukacheka. Mti wa Brazil, uliopandwa na Mreno, umelipa jina embe la Mhindi, kwenye nguo ya Mmakonde. Nani aseme hii si ya kwetu?

SASA KIMEO KIKO WAPI?

Kimeo kiko hapa. Ua tumelipa jina sisi, lakini faida haijawahi kutulipa jina. Sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara inaondoka ghafi, na maganda yake, kwenda Asia, ikabanguliwe huko. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua, vingi vikafa. Mwaka 2018 bei iligombaniwa mpaka serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likabeba magunia. Upande wa nguo, hadithi ni dada yake: mashuka na kanga nyingi zinakuja zimeshachapwa. Mji wa Jetpur, Gujarat, unaishi kwa kuchapa kanga na vitenge vya kuletwa Afrika, na rangi za viwanda vyake zimeuchafua sana mto wao, Bhadar. Yaani shuka letu la bei chee kuna mtu kule anayelilipia kwa maji ya kunywa.

Na wale wa kugonga kwa ngumi? Mashine inawabana kila siku. Mnunuzi akikosa kujua tofauti, anayeumia wa kwanza ni yule fundi.

Lakini nilipokuwa Mtwara kitu kimoja hakikunitoka kichwani. Muhuri ni nini? Ni kipande cha mbao kilichochongwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Na nyumbani kwa wachongaji wa Kimakonde ni wapi? Mmakonde anayetoa ukoo mzima wa binadamu ndani ya gogo moja la mpingo, atashindwa na korosho ya inchi tatu? Akina mama wa batiki nchi hii tayari wanagonga nta kwa vibao na sponji. Pamba tunalima. Mkono upo, mbao ipo, ua tumeshalipa jina. Kilichobaki ni mteja anayegeuza nguo na kuuliza.

Vita yetu ya mashuka iliishaje? Nilinunua seti moja ya mkono na seti moja inayong'aa, nikaziweka mbele ya bibi harusi, nikamwambia lala kwenye kila moja dakika kumi, feni imezimwa. Mtwara mwezi wa kumi na moja, feni imezimwa! Hakumaliza dakika nne kwenye nailoni. Shangazi hakusema neno, alitabasamu tu kama mtu aliyepata bei nzuri mnadani. Na kisutu cha Mikindani kimeazimwa kwa usiku mmoja.

Kama nawe unataka kupamba geto lako bila kulizwa, haya hapa ya kuondoka nayo:

Geuza nguo. Nyuma ikiwa nyeupe kabisa, si ya mkono.

Tafuta makosa. Maua yakifanana kama mapacha kumi, hiyo ni mashine.

Fua peke yake mara ya kwanza, maji baridi. Nili huachia buluu kidogo, usiitie pamoja na shati lako jeupe la sikukuu.

Anika kivulini. Jua la pwani halina urafiki na rangi ya asili.

Kama mfuko hauruhusu shuka zima, anza na foronya mbili au kitambaa cha meza. Chumba kinabadilika, mgeni anauliza, nawe unapata pa kuanzia maneno.

Na akikuuliza hilo ua ni embe au korosho, we' mjibu kwa sauti ya kusini: kwani we' unaona nini?

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.